Pua ya Kuazima

Kwenye kile kiwanda kidogo cha mvinyo walimwita Bibi Pua, na jina lenyewe halikuwa la matani. Yeye ndiye aliyenusa mapipa na kuamua lipi lioane na lipi. Mvinyo mweupe wa mwaka ule aliuchanganya kwa zabibu za aina tatu: za kwanza zilinukia maua, za pili zilikuwa kali kama ndimu, na za tatu, zenye upole, zilizipatanisha hizo mbili kama shangazi aliyeingilia ugomvi wa ndugu.

Kisha akashikwa na mafua. Yalipoondoka, yaliondoka na pua. Aligundua siku maziwa yalipoungua naye amesimama palepale jikoni, hana habari.

Siri ya mtungi aijuaye kata: hakumwambia mtu ila wifi yake, dada wa mumewe, mpishi wa hapohapo kiwandani. Tajiri wao alikwisha sema kwamba mvinyo ule usipopata mnunuzi, mizabibu itang'olewa. Na mnunuzi aliyetazamiwa alikuwa mmoja tu, mama mmoja, mpishi mkuu wa hoteli kubwa, ambaye angekuja kula chakula cha mchana.

Siku hiyo Bibi Pua aliamkia jikoni kwa wifi. Walipanga wifi azinuse chupa zote. Iliyoharibika isivuke mlango wa jikoni. Vyakula Bibi Pua alivichagua mwenyewe kwa ulimi, kwa kuwa ulimi haukumkimbia. Alitafuna, akanywa funda, akatafuna tena. Nyama ya ng'ombe iliumeza mvinyo mzimamzima, akaiondoa. Samaki wa kuchoma alikubali. Kuku wa tangawizi na pilipili alimtia shaka, akamwonja mpaka wifi akamuuliza kama wageni watabakishiwa hata mfupa.

Mgeni alifika mapema, mtu wa maneno machache, na hilo likamzidishia Bibi Pua hofu. Samaki na chupa ya kwanza vilipita salama. Ndiyo kwanza ameanza kushusha pumzi, tajiri, kwa kuchangamka, akaenda ofisini mwake akarudi na chupa aliyojiwekea kabatini. Akaizibua mwenyewe, akawamiminia mgeni na Bibi Pua, akamtaka Bibi Pua amweleze mgeni anachokisikia.

Wifi alikuwa jikoni. Bibi Pua akainamia glasi. Ilikuwa kama kunusa ukuta.

"Maua ya mlimau," akasema. "Na embe linaloanza kuiva."

Mgeni akanusa ya kwake, akarudia, akaiweka glasi chini taratibu.

"Mwenzangu, mimi nasikia tambara lililovunda."

Kizibo kilikuwa kibovu, kimeuharibu mvinyo. Tajiri naye alinusa, akakunja uso, akamgeukia Bibi Pua. Angeweza kusingizia hiki au kile, lakini njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikwisha fika mwisho wake.

"Sisikii harufu," akasema. "Tangu niugue. Nimesema ninachokikumbuka."

Wifi akaingia na kuku na chupa aliyoinusa mwenyewe, akaona nyuso zao, akasimama na sinia mkononi. Mgeni akauliza vyakula amechagua nani.

"Mimi," Bibi Pua akajibu. "Mvinyo una utamu kidogo, unapoza pilipili. Uchachu wake unakata mafuta. Hayo ni ya ulimi, mama. Ya pua ameyafanya wifi."

Mgeni alikula kuku, akanywa, akala tena, huku Bibi Pua akimtazama kama mshitakiwa anayemtazama hakimu. Mwishowe mgeni akasema atauchukua mvinyo, lakini kila shehena wifi ainuse kwanza, na siku nyingine asidanganywe mezani. Tajiri alikubali.

Mizabibu ikabaki. Wifi akapewa kiti kando ya mapipa, akawa anataja anachokisikia, Bibi Pua akipima kwa ulimi, wakibishana kutwa. Baada ya miezi pua ilianza kurudi, ila kombokombo: kahawa ilinuka sabuni, waridi lilinuka moshi. Siku aliyoyasikia tena yale maua ndani ya glasi alimwita wifi anuse naye, kwa kuwa hakujua kama ni maua kweli au ni kumbukumbu inamcheza shere.