Beti Tano za Kwaya ya Butembo

Kabla kampuni ya simu haijatoa kifurushi chake cha bure, kila Jumapili jioni vyumba vya Wakongo waliokimbilia mtaa wa Kabalagala, ugenini, vilikuwa vikiimba wimbo mmoja. Mzee Hippolyte, mwalimu wa kwaya huko Butembo kabla ya kukimbia vita, alikuwa ameziweka kanda zake za zamani kwenye tovuti yake. Watu walifungua simu, wakafumba macho, wakajiona wamerudi kwenye mabenchi ya misheni, baridi ya mlimani ikiwauma vidole.

Kifurushi kikaja. Tovuti nyingine ya nyimbo, yenye ubia na kampuni, ikafunguka bila bando. Ya Hippolyte ikabaki kula bando kama zamani. Hakuna aliyemfukuza. Wasikilizaji walimtoka mmoja mmoja, kama waumini wanaokwepa sadaka. Jirani yake Pitshou hakuona hata haya.

"Papa, mbinguni kwenyewe tunaingia bure, wewe unataka bando?"

Sasa kampuni ilikuwa tayari kumwingiza naye katika kifurushi, kwa sharti kwamba wimbo usizidi dakika mbili. Exaucée, bintiye aliyeitunza tovuti, alikuwa ameshaukata wimbo mkuu.

"Mwenye nguvu mpishe, Papa. Beti mbili zinatosha, na watu watarudi."

"Hebu tusikie."

Ubeti wa kwanza waliimba watu wa mjini, wa pili watu wa bondeni. Ndiyo ilikuwa desturi ya parokia ile: kila upande na kila kilima na ubeti wake, wala hakuna aliyethubutu kuimba wa mwenzake. Kisha wimbo ukakatika. Mkewe Kahambu, aliyekuwa akimenya mihogo, aliinua uso.

"Papa Exaucée, kilima chetu mmekizika wapi?"

Kilima hicho, chenye ubeti wa tano, hakina mtu leo. Waimbaji wake wametawanyika, na wengine, dada yake Kahambu akiwa miongoni mwao, wamelala huko huko. Sauti zao hazikusalia mahali pengine popote ila kwenye kanda hiyo.

"Rudisha zote," alisema Hippolyte. "Waandikie kampuni kwamba tunashukuru, ila hatuingii."

"Tutabaki na wasikilizaji wanne, Papa."

"Wanne wanatosha sauti zote nne za kwaya."

"Na mmoja wao ni wewe."

Hata hivyo Exaucée alizirudisha beti tatu, mmoja baada ya mwingine, mama yake akimsimamia nyuma ya kiti, kisu cha mihogo mkononi, mpaka kilima chake kikaingia.