Jina la Penseli

Barua ya Ildefons ilikuwa safi kuliko shati lake la kanisani. Yote aliiandika kwa wino, isipokuwa jina la mdhamini. Hapo aliacha nafasi ya penseli.

"Siku hizi kila mtu anafanya hivyo," alisema shangazi yake, Ma Immakulata, ambaye nyumba yake pale Kamachumu haikukosa watu hata mvua inyeshe vipi. "Wino unaumbua, waitu."

Alijua anachosema. Mwaka ule wa themanini na nane Ildefons alikuwa ameshaomba mara mbili kazi ya ufundi mitambo kwenye kiwanda kimoja cha kahawa, Bukoba mjini. Karani wa kule huwaandikia wadhamini kwanza. Wasipojibu, barua yako haimfikii meneja. Mara ya kwanza alimtaja Mayunga, aliyemfundisha injini za boti visiwani. Akajibu mjane wake. Mara ya pili akamtaja Mihayo, dereva wa lori. Hakujibu mtu.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na maombi yangefungwa kesho yake. Sebule ilijaa watu wakitafuna punje za kahawa na kumtafutia mdhamini.

"Mwandike Nathanael wa mashine ya kusaga."

"Nathanael tumemzika Jumanne! Si ulikula msibani wewe?"

"Basi Uledi wa gereji."

"Uledi naye ni wa kesho kutwa," alisema jirani yao Joviana. Wote wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana hakuna aliyejua kama ametania.

Ildefons akaandika Uledi.

Asubuhi aliipeleka barua kwa mkono wake. Karani, mzee mmoja aitwaye Yoeli, wala hakuishangaa penseli. Rundo zima mbele yake lilikuwa na majina ya penseli, mengine yamefutwa hadi karatasi ikatoboka.

"Uledi ametangazwa redioni jana jioni," alisema taratibu. "Pole, Ta Ildefons."

Akainyanyua barua kuelekea kwenye kikapu. Mkono ukasita.

"Kamachumu? Si wewe uliyeingia chini ya Landrova pale Muhutwe, matope mpaka masikioni?"

Ildefons alikumbuka. Gari lilizimika mlimani, ndani mna jeneza, wanawake wanaimba kwenye mvua. Alichana mpira wa baiskeli akaufunga kwenye bomba la dizeli lililopasuka.

"Alikuwa mke wangu," alisema Yoeli. "Tulimzika kabla ya jua kuzama, kwa sababu yako. Kwa hiyo kazi yako nimeiona."

Akalifuta jina la Uledi, akapuliza vumbi la raba. "Niandike mimi."

Ildefons, kwa heshima, akachukua kalamu ya wino iliyokuwa mezani. Alipoinama kuandika ndipo alipoiona kola ya mzee: imefungwa kifungo cha juu, na bado shingo inacheza ndani kama mchi kwenye kinu.

Yoeli alimwona akiona. Akaitoa ile kalamu vidoleni mwake, polepole, akampa penseli.

"Meneja anasoma Jumatatu," alisema, akivuta karatasi mpya na kuandika tarehe ya leo. "Jina liweke hivyo hivyo. Ushahidi wangu naandika sasa hivi, wewe ukiwa hapa. Huo ndio wa wino."