Simu ya Kumshusha Fundi Paa

Pale kituo cha hali ya hewa kila mtu alijua kwamba mpimaji wa zamu ya mchana ana ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa huo ni mdogo wake, fundi wa kuezeka mapaa. Mafundi wenzake walimwita Paka, kwa jinsi alivyotembea juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, bila kushika kitu, misumari mdomoni, huku anapiga soga. Dada mtu ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki na mama akawa wa kushinda vibaruani. Alimwogesha, akamsomesha, akamchapa ilipobidi. Sasa mtoto huyo alikuwa na miaka ishirini na minne, na kila siku alipanda mahali pa juu kuliko pote mtaani akiwa na nyundo ya chuma mkononi.

Siku hiyo walikuwa wanaezeka ghala, kilomita tatu kutoka kituoni.

Tangu saa nne asubuhi dada hakupenda alichokiona. Mvua ya usiku ilikuwa imeilowesha ardhi, kisha jua likatoka kwa hasira. Watu hudhani wingu la radi hutoka mbali likaja kututembelea. Wapi! Hupikwa hapa hapa chini, machoni petu, kama maji ya sufuria. Joto linainua hewa yenye unyevu, kule juu inakutana na baridi, mvuke unageuka matone, matone yanageuka barafu, na chembe hizo zinagongana na kusuguana mpaka wingu zima linajaa umeme. Saa sita lilikuwa kipande cheupe ambacho hakuna aliyekitazama mara mbili. Kufika saa nane na nusu lilikuwa mnara mweusi chini, na kilele chake kimetandaa bapa angani. Mpimaji yeyote akiona kilele hicho anajua kazi imeshaiva.

Umeme ulimulika ng'ambo ya ghala, naye akaanza kuhesabu. Sauti huchukua sekunde kama tatu kumaliza kilomita moja. Alifika ishirini na nne ndipo ngurumo ikamfikia. Kilomita nane kutoka kwake, basi, na tano tu kutoka kwa Paka. Na radi haina adabu ya kungoja mvua. Hupiga mbele ya wingu, mahali ambapo watu bado wanaanika nguo juani.

Akapiga simu.

"Paka, shuka."

"Bi Mvua huyo! Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shuka kwenye hilo paa sasa hivi."

"Dada, jua linatuchoma mgongo huku. Hata tone halijadondoka. Mwezi huu umenishusha mara mbili, na mara zote mbili mvua ikatukimbia. Wenzangu wanasema nina rimoti nyumbani."

"Waache waseme. Nimekuomba kitu gani tangu nikuzae?"

"Hukunizaa wewe."

"Nimekuogesha, ni yale yale. Shuka, na wenzako washushe."

Nyundo iligonga mara mbili, ikanyamaza. Kisha akamsikia akipaza sauti: "Oya, tushuke! Dada amesema!" Watu wakacheka, ngazi ikalia kwa miguu yao.

"Haya, nipo chini. Umefurahi?"

"Nimefurahi."

Na kweli alifurahi. Saa tisa alitoka kusoma vipimo vyake, moyo mweupe kabisa. Upepo ulikuwa umegeuka na kuwa wa baridi, dalili kwamba wingu limeanza kumwaga hewa yake chini. Umeme ukamulika tena. Akahesabu kumi, mlio ukaja, mmoja, mkavu. Kilomita tatu na kidogo, upande ule ule wa ghala. Alimshukuru Mungu kwamba Paka yuko chini, akaingia ndani kuandika ripoti.

Jioni ile, kwenye ukumbi wa hospitali, msimamizi wa mafundi alikuwa amekaa na kiatu kimoja, nguo zimemgandia mwilini. Mafundi wawili walikuwa wodini, wameungua miguu. Paka hakufika hai. Mama yao alikuwa chumba cha pili na maiti, akimwambia kila anayeingia kwamba binti yake alijitahidi, alimpigia kijana simu kabisa.

"Usijilaumu, dada yangu," msimamizi alisema. "Alikutii. Tulishuka sote, tukajibanza chini ya ule mkaratusi mkubwa, maana ghala lenyewe lilikuwa bado nguzo tupu. Alikuwa ameegemea shina. Radi ilipiga mti, ikamrukia."

Dada aliuliza:

"Lori lililoleta mabati lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, hatua kama kumi hivi. Dereva alikuwa ndani, amefunga vioo, anakula mkate wake. Hana hata mkwaruzo. Kwa nini?"

Angeweza kunyamaza. Yule mtu hakujua maana ya alichokisema, na mama asingejua kamwe. Lakini kesho kutwa msimamizi huyu angekuwa na mafundi wengine juu ya paa lingine, na wingu likitanda angewakimbiza mtini tena. Akasema.

"Mti mrefu ndio unaopigwa kwanza. Lori likipigwa, radi hupita kwenye bati la nje ikaishia ardhini, aliye ndani haguswi. Siku nyingine waingize kwenye gari, au nyumba yenye kuta. Mtini, hapana."

Msimamizi alimtazama. Jambo lile lilipomwingia akajivuta nyuma kwenye benchi.

"Hayo uliyajua leo mchana?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Na ulikuwa naye kwenye simu."

"Nilikuwa naye."

"Sasa mbona ulimwambia ashuke tu?"

Mama alikuwa ametokea mlangoni, ameshikilia fremu, anamtazama binti yake, akingoja jibu.

"Aliponiambia yuko chini nilifurahi," dada akasema. "Nikakata simu."