Sharubati Matangani

Hema la matanga lilisimamishwa uchochoroni, mtaa wa Imbaba, Kairo, baada ya sala ya adhuhuri. Vitambaa vyake vyekundu vyenye nakshi vilifungwa kwenye vyuma, na viti vya rangi ya dhahabu vikapangwa safu mbili zikitazamana. Msomaji wa Kurani alikuwa wa kweli, kwa kuwa mwigizaji aliyetakiwa kumwiga alikuwa ghali kuliko yeye. Mpika kahawa naye alikuwa wa kweli. Aliyekosekana ni maiti, ambaye kwa mujibu wa mswada alikuwa bado chini ya kifusi.

Simsim, mwimbaji, aliketi kwenye kiti cha kwanza karibu na mlango, mahali pa baba wa marehemu. Alikuwa amefuga ndevu, amevaa miwani isiyokuza wala kupunguza kitu, na ameagiza kila mtu amwite Ustadhi Wagdi Abdelghaffar, jina ambalo mara ya mwisho lilitumika shuleni, tena kabla ya kuchapwa.

"Haya, Ustadhi," alisema mwongozaji, mwanamke aliyeitwa Nihal, ambaye alikuwa amesomea kazi yake Prague na hajawahi kusamehe Kairo kwa hilo. "Mwanao kafa. Watu wanakupa mkono. Chozi litoke taratibu."

Kamera zikawashwa. Waombolezaji wakapita, wakamshika mkono mmoja mmoja. Chozi la kwanza likamtoka Simsim jicho la kulia. Lilikuwa jekundu, zito kidogo. Liliteremka shavuni likadondokea kwenye kikombe cha kahawa alichokuwa ameshika. Papo hapo wanawake kwenye roshani za pande zote mbili za uchochoro wakapiga vigelegele. Mmoja alikuwa akianika soksi. Alitoa kwanza kibanio mdomoni, kisha akapiga kama wenzake.

"Kata," alisema Nihal. "Nani kawatuma wale?"

Msaidizi wake akaenda kuuliza, akarudi. "Wanasema hawakukusudia. Imewatoka tu."

Mpika kahawa alichovya kidole katika kikombe cha Simsim, akaonja. "Sharubati," alisema. "Ya waridi. Mkono mzuri, ila sukari imezidi."

Jambo hilo lilikuwa baya kikazi. Matangani hunywewa kahawa chungu. Atiaye sukari katika kahawa ya msiba huombwa na ndugu wa marehemu aondoke, na akichelewa husaidiwa.

Waliomjua Simsim hawakuona kipya. Alikuwa ameimba harusini miaka kumi na minane, na kila harusi ilimpa sharubati, nayo ilibidi itokee mahali. Mama yake alikuwa akivua foronya zake kila asubuhi na kuzikung'uta sisimizi. Lakini harusini mwimbaji halii, kwa hiyo tatizo halikuwahi kuathiri kazi.

Umaarufu wake wote ulisimama juu ya wimbo mmoja, "Sogea Kidogo," ambao ulimtaka jirani asogee kwa kuwa nyonga za mwenzake zinapita. Aliuimba katika harusi, katika tohara, katika mahafali ya madaktari wa meno na katika ufunguzi wa mabucha. Akienda kununua mkate, mwokaji humwambia asogee kidogo, kisha hucheka kana kwamba ndiye wa kwanza kulifikiria hilo. Simsim alitaka kufa akiwa mtu anayeheshimiwa. Tamthilia hii ya Ramadhani ilikuwa nafasi yake ya kwanza, na kwa umri wake, ya mwisho. Mkosoaji mmoja alikuwa ameshaandika kwamba Simsim angeweza kuigiza baba yeyote, mradi baba huyo awe na kipaza sauti.

Walijaribu kitunguu; kitunguu kiliongeza sharubati. Walijaribu kupiga picha za rangi nyeusi na nyeupe, lakini vigelegele havikubadilika. Nihal alikaa juu ya sanduku la taa akamtazama Simsim kama mtu anayetazama bomba linalovuja.

"Ustadhi, unafikiria nini unapolia?"

"Nafikiria mwanangu kafa."

"Una mwana?"

"Sina."

"Basi ndiyo maana. Unaomboleza ubwabwa wa harusi."

Alasiri ilipoingia, akafika Haji Radwan Shahin, mwenye pesa za tamthilia. Alikuwa mjenzi wa majumba, na filamu alizianza uzeeni, kama wengine wanavyoanza kufuga njiwa. Kisa chenyewe alikichagua mwenyewe: jumba linaanguka, watu wanakufa, mjenzi mwema analia pamoja na wafiwa. Katika mswada, jumba lilianguka kwa tetemeko la ardhi ambalo halikuhisiwa mahali pengine popote Kairo.

"Simsim, mwanangu," alisema Haji, "watu wanakupenda. Lakini kesho nikiona jekundu tena, namleta yule jamaa wa tamthilia za jukwaani mwenye sauti ya kaburini. Na wewe Alhamisi unamwimbia mpwa wangu harusini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Haji."

"Utaimba Sogea Kidogo mara mbili. Bibi harusi kaomba."

Wakati huo mwanamke wa mavazi alikuwa akipitisha brashi kwenye mabega ya mzee mmoja aliyeketi kiti cha jirani na Simsim. Mzee huyo, Ami Bayumi, alikuwa mkazi wa uchochoro uleule, na wasaidizi walikuwa wamemwacha ajaze kiti tangu mchana. Kila alipopepesa macho, vumbi la kijivu lilimdondoka. Lilikuwa limeanza siku jumba alimoishi mwanawe lilipoanguka, nalo halikukoma. Daktari wa macho alimpa dawa ya matone. Matone yakageuka tope, wakaacha.

Haji Shahin alisimama mbele yake. Aliokota vumbi kidogo begani mwa mzee akalisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, kwa mazoea ya kazi.

"Mchanga," alisema. "Mchanga mtupu. Saruji imeonjeshwa tu. Fundi gani mjinga kajenga hili?"

"Wewe, Haji," alisema Ami Bayumi. "Lile la hapo nyuma. Orofa nne za kibali na tatu za kumwachia Mungu."

Wafanyakazi wote wakaanza kuangalia nyaya zao.

"Mungu awarehemu," alisema Haji akijifuta vidole kwa kitambaa. "Kesi ile iliisha, mzee wangu. Ilifungwa dhidi ya mtu asiyejulikana."

"Najua. Nilimwona mahakamani huyo asiyejulikana. Alikuwa amevaa saa yako."

Haji alicheka sana, kwani alipenda watu wenye ulimi. Akamgeukia Nihal. "Huyu mzee msimweke nyuma. Uso wake una msiba." Kisha akaenda kula.

Mapumziko yalipotangazwa, watu wakakimbilia sandwichi za maharage. Simsim na Ami Bayumi wakabaki hemani. Simsim alivua miwani.

"Ami, naomba unifundishe. Unafanyaje?"

"Nafanyaje nini?"

"Kuigiza. Ukikaa tu, kila mtu ananyamaza."

"Mimi siigizi, mwanangu. Siku zile polisi walifunga uchochoro kwa ajili ya uchunguzi, hatukuruhusiwa kuweka hema. Baadaye tukaambiwa muda umepita. Leo mchana nimefungua dirisha nikaliona hili, na msomaji anasoma, na kahawa ipo. Nikasema niingie nikae. Yule kijana mwenye karatasi akaniuliza kama nimeandikishwa. Nikamwambia mimi ndiye wa kwanza."

Simsim akajiwashia sigara, akampa mzee nyingine. Ami Bayumi akaipokea.

"Mimi na wewe tumewahi kuonana," alisema mzee.

"Watu wengi husema hivyo, Ami. Sura yangu iko kwenye mabango."

"Siyo bangoni. Juu ya paa. Harusi ya mwanangu Ramzi, kwenye jumba lilelile. Ulivaa koti linalong'aa kama samaki."

"Nakumbuka koti."

"Watu walikuwa wanaruka. Mimi nikashuka chini kutafuta sharubati zaidi, nikaona ukuta wa ngazi umepasuka, mkono unaingia. Nikapanda mbio kumwambia Haji, alikuwa mgeni wetu wa heshima. Haji yuko mezani, hasikii kwa sababu ya muziki. Nikaja kwako jukwaani nikakwambia, simamisha kwanza, mwanangu, ukuta umepasuka. Nilisema karibu na kipaza sauti kabisa."

Simsim aliacha kuvuta.

"Ukanitazama," aliendelea Ami Bayumi, "ukaniwekea mkono begani, ukaimba: sogea kidogo, mzee. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Hata Ramzi alicheka. Mke wake alicheka. Usiku ule ulikuwa mzuri, sikatai."

"Halafu?"

"Halafu nikasogea."

Vumbi likamdondoka mzee juu ya magoti. Alilipangusa mwenyewe, kwa kuwa mwanamke wa mavazi alikuwa amekwenda kula. Jumba lilianguka kabla mtoto wa Ramzi hajazaliwa, alisema, na hilo lilirahisisha hesabu ya sanda.

Simsim alikuwa amewaambia wazee wengi maneno hayo, maana yalifanikiwa kila mara. Lakini huyu alimkumbuka. Alikumbuka kanzu yake mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani, na jinsi alivyosogea, hatua ndogo ya upande, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.

Nihal aliwarudisha watu kazini. Msomaji akasafisha koo. Waombolezaji wakapanga mstari, na wa kwanza kumpa mkono Simsim alikuwa Ami Bayumi, kwa amri ya Haji.

"Mungu akulipe kheri," alisema Ami Bayumi, kama isemwavyo kwa mfiwa.

Kwa mujibu wa mswada Simsim alitakiwa kujibu. Badala yake chozi likamtoka, nalo lilikuwa jeusi. La pili likafuata, na la tatu, yakitoa mvuke mwembamba katika ubaridi wa jioni. Roshani zikanyamaza. Yule mwenye soksi aliingia ndani akafunga dirisha.

Nihal aliacha kamera ziende zaidi ya ilivyopangwa. Hatimaye akasema "Kata," kwa sauti ndogo, kisha akaongeza kwamba wasimpanguse mtu yeyote.

Mpika kahawa akaja na kidole chake. "Kahawa chungu," alisema. "Iliki kiasi chake. Hapa sina la kuongeza."

Simsim alimkuta Haji Shahin ndani ya gari lake, mlango wazi, anakula tende.

"Haji, ule ukuta wa ngazi. Mzee alikuja kuwaambia, usiku wa harusi."

"Ukuta gani?"

"Alikuja jukwaani akasema umepasuka."

Haji alitema kokwa kiganjani. "Mwanangu, usiku ule mimi nilikuwa na sahani ya bata. Wewe ndiye uliyekuwa na kipaza sauti. Kuna watu mia tatu waliosikia ulichosema, na hakuna hata mmoja aliyenisikia mimi. Sasa chagua. Twende wote kwa mwendesha mashtaka ukamwimbie, au tuzungumze kuhusu Ramadhani ijayo? Nina kisa cha jaji. Jaji mwenye huzuni."

Simsim alifikiri kwa muda wa sigara moja, akachagua jaji.

Tamthilia ilirushwa baada ya futari, na nyumba nyingi ziliacha kutafuna katika tukio la hema. Mkosoaji wa kipaza sauti aliandika kwamba alikuwa ameamini kipaji hicho tangu mwanzo. Watazamaji kadhaa waliandika kwamba tetemeko lile walilihisi, sasa ndiyo wanakumbuka. Simsim akapewa tuzo, akamshukuru Mungu, mama yake na Haji Radwan Shahin, akalia jukwaani, na shati lake jeupe halikutakata tena. Ami Bayumi alitajwa mwishoni kama Mwombolezaji wa Tatu. Herufi zilipita upesi. Mama yake Simsim alikuwa ameridhika: sisimizi walihama, na asubuhi, mwanawe akiamka vibaya, hakuhitaji kuwasha jiko la kahawa.

Mwaka uliofuata Haji alifungua jumba jipya kwenye kiwanja kilekile cha nyuma ya uchochoro. Kibali kilisema orofa tano, na jumba lilikuwa na tisa. Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa chini. Simsim hakuombwa kuimba, kwani alikuwa sasa mtu mzito. Aliombwa asimame karibu na Haji na aonekane. Ami Bayumi naye alikuwapo. Walimwita ajaze kiti, safari hii kama mgeni mwenye furaha.

Nyuma ya jukwaa, ukuta wa ngazi ulikuwa na ufa, kuanzia sakafuni hadi darini. Rangi ilikuwa bado mbichi. Simsim aliuona. Akageuka, akamkuta Ami Bayumi anautazama pia. Kipaza sauti kilikuwa kwenye stendi yake, hatua moja kutoka kwa Simsim, kimewashwa.

"Sogea kidogo, mzee," alisema mpiga picha. "Unaziba jina la kampuni."

Ami Bayumi akasogea. Mwanamke mmoja akampitishia brashi mabegani.

Simsim akaanza kulia. Sinia la sharubati lilikuwa likipita chini ya kidevu chake wakati huo, na bilauri zikabadilika rangi moja baada ya nyingine, kutoka nyekundu kuwa nyeusi. Mhudumu aliangalia sinia lake, akaendelea kugawa. Wageni walikunywa. Haji Shahin alionja, akakunja uso, akaitisha sukari.

Vijiko viwili vilitosha.