Ua la Kinamasi na Hondohondo wa Baba

Bahasha ilifika Jumanne, nikiwa nakata suruali za sare. Ndani mlikuwa na ua moja la manjano, limekaushwa kwenye karatasi, na maneno machache ya mdogo wangu, muuguzi huko ng'ambo, kaskazini kwenye baridi kali: "Linaota kwenye kinamasi nyuma ya hospitali yetu. Nikiliona, namkumbuka hondohondo wa baba."

Nilicheka peke yangu. Ua na ndege wapi na wapi? Nikampigia simu, nikaweka spika, mama akiwa pembeni anashona vifungo.

"Wewe Kijiko, baridi imekupanda kichwani?" Hilo jina la Kijiko tulimpachika utotoni, kwa kukomba masufuria.

"Sikiliza, dada. Miezi mitano mizizi yake imefungiwa chini ya barafu. Unapita pale, unasema limekufa hili. Halafu barafu inayeyuka, kinamasi kizima kinawaka manjano. Sasa mkumbuke yule ndege."

Nilimkumbuka. Marehemu baba alikuwa mlinzi wa msitu, na kila Jumapili alitupeleka kwenye mti ambamo hondohondo jike alikuwa amejiziba tunduni kwa udongo ili aatamie mayai, akabakiza ufa wa kupitishia mdomo tu. Dume alimletea matunda, moja moja, bila kuchoka. Siku jike alipobomoa ule udongo akatoka, manyoya yamemchakaa, tulikuwepo.

"Ila ndege alikuwa na wa kumlisha," nikasema. "Ua lako nani analiletea chochote?"

"Ndiyo maana nimekutumia wewe. Huku hata mimi sina wa kuniletea."

Nikaona bora nimchokoze: "Siku ile yule jike alipotoka, ulilia."

"Mimi? Ulilia wewe! Ukajifuta kwa shati la baba."

Mama akaweka sindano chini. "Hakuna aliyelia kati yenu. Aliyelia ni baba yenu. Aliwaona mnavyorukaruka kwa furaha, akawaza: hawa nao wataruka waende zao. Alinikataza kuwaambia."



"Mama," Kijiko akasema, "nina siku kumi na nane za likizo."

Alikuja mwezi uliofuata. Usiku wa kwanza tulilala watatu kitanda kimoja, mama katikati, akilalamika kwamba tunambana. Hakuna aliyesogea.