Mkono Uliopima Zidaka

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba tepu yangu ya kupimia imeacha kazi.

Haikuondoka kimyakimya. Ilinisubiri mlangoni mwa nyumba ya Bi Kidawa, imejikunja ndani ya kasha lake la njano, barua mdomoni. Nikaipokea barua, nikasoma. Ilikuwa na sentensi moja: "Nimekuwa mkweli kwako miaka kumi na mmoja, lakini ukuta huu hauniamini."

"Sasa nani atapima?" nikauliza.

"Sijui, Fundi Riziki. Mimi nakwenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Kule naheshimika."

Ikajivingirisha mpaka barabarani, ikapinda kona, ikapotea.

Niseme kwanza ni ukuta gani, maana upo, nje ya ndoto, na ulikuwa umenitoa machozi siku hiyo hiyo.

Mimi ni fundi wa chokaa hapa Pangani. Nafanya kazi na shemeji yangu Hatibu, mume wa dada yangu. Karakana yetu ni sisi wawili tu. Tunarudishia uhai nyumba za mawe za zamani. Mwaka huu Bi Kidawa, mkunga mstaafu, alitukabidhi kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: nyumba ya ukoo wao, anayotaka iwe makao ya wajawazito wa vijiji vya mbali, wakae hapo kusubiri siku zao karibu na hospitali.

Chumba cha ndani kina ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa mstari juu ya mstari, ambamo zamani watu waliweka sahani zao nzuri na vitabu. Mistari minane imesimama. Wa tisa, wa juu kabisa, ulianguka kabla sijazaliwa, na bila huo boriti za dari hazina pa kukaa. Nimeujenga upya mara nne. Mara nne umepasuka na kushuka chini. Wakati huo huo wanawake watatu wameshafika, wanalala barazani chini ya turubai, na mvua zimeanza.

Jana jioni nilimwambia Bi Kidawa kwamba nimeshindwa, na kwamba asubuhi nitakuja kuchukua ngazi yangu. Hakunilaumu. Alikunja kanga yake mara mbili, akasema, "Haya, mwanangu," akaingia ndani. Ningependa zaidi angenigombeza.

Basi tepu imekwenda zake, nami naingia chumba cha ndani.

Ukuta unapumua.

Sisi mafundi wa chokaa husema kila siku kwamba ukuta lazima upumue, kwa maana ya unyevu kuingia na kutoka. Huu unapumua kwa mapafu. Unatuna polepole, zidaka zote zinapanuka, kisha unashuka. Halafu unakohoa. Vumbi jeupe linaniangukia begani.

"Samahani," ukuta unasema. "Ni ule mstari uliouweka mara ya nne. Umenikaba kooni."

"Nimeupima vizuri," nikasema.

"Umepima kidaka kimoja cha chini, ukazijenga za juu kwa kipimo hicho."

"Zidaka zote zinafanana."

"Watu husema hivyo hivyo kuhusu watoto wa wenzao."

Nikauliza nifanye nini.

"Nenda kwa aliyenipima. Ingia kidaka cha tatu kutoka kushoto, mstari wa kwanza. Vua viatu."

Kidaka chenyewe hakizidi upana wa sahani. Nikavua viatu, nikaviweka sawasawa, nikaingiza kichwa, kisha mabega, kisha nikajikuta nimesimama wima.

Ni adhuhuri. Niko kwenye uwanja mkubwa mweupe. Katikati pana shimo la chokaa, na chokaa imelala humo kwenye mto, imefunikwa shuka, inakoroma. Kwetu chokaa iliyochomwa hulazwa shimoni miezi kadhaa kabla ya kutumika, na huku wameiwekea hata kibao: "Imelala. Punguza sauti." Nikapita kwa ncha za vidole.

Ng'ambo ya shimo kuna foleni ya wateja. Wa mwisho kwenye foleni ni Kivuli, mrefu, amechoka. Nikamwamkia, nikamuuliza ameagiza kazi gani.

"Baraza," akasema. "Tangu dunia iumbwe nimelala chini au nimesimama ukutani. Nataka pa kukaa."

Mbele yake alikuwa Mwangwi. "Chumba," akasema kabla sijamuuliza. "Chumba. Kiwe kitupu. Kitupu."

"Fundi wenu yuko wapi?"

Kivuli akaninyooshea mkono, nami nikatazama juu.

Sijui niueleze vipi ukuta ule. Nimeona majengo makubwa, na nimepanda minara kutengeneza nyufa, lakini ule, ukiutazama kutoka chini, haukuwa na mwisho wa kushoto wala wa kulia, na kila kidaka chake kilikuwa na mwanga wake, kama kwamba nyuma ya kila kimoja kuna alfajiri ya mtu fulani. Nikakaa chini uwanjani. Hakuna aliyeshangaa. Tulikuwa wengi tuliokaa.

Juu ya jukwaa la mbao alisimama mwanamke. Ana mimba. Chokaa imempanda mpaka kwenye viwiko. Anaweka kiganja chake ukutani, anatanua vidole, anasema, "Hapa," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwonyesha mgeni pa kuweka mzigo, na kidaka kinafunguka. Anasogeza mkono. "Hapa." Kingine kinafunguka. Kila akimaliza mstari jua linazunguka upesi mara thelathini, na tumbo lake linakuwa kubwa zaidi.

Nikapanda jukwaani. Alikuwa na umri wangu hivi, jasho likimtoka juu ya mdomo.

"Shikamoo, Fundi," nikasema, ingawa tulilingana.

"Marahaba. Mimi Mwanaheri. Wewe ndiye unayenijazia mstari usio wangu?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kuuliza unapima kwa kipimo gani."

Akatanua mkono mbele ya uso wangu, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. "Kwa shubiri."

"Hata mimi nilijaribu shubiri. Haikufaa."

"Ulijaribu shubiri moja." Akanigeuzia kiganja nione vidole. Vilikuwa vimevimba, ngozi imekaza inang'aa. "Mstari wa chini kabisa ni wa mwezi wa kwanza. Wakati ule mkono wangu ulikuwa mwembamba kama wako. Mwezi wa pili ukajaa kidogo, mstari nao ukapanuka kidogo. Huu ninaoumaliza sasa ni wa nane."

"Si ungetumia kamba yenye kipimo kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho?"

"Ningewezaje?" akasema. "Siku hizi mimi si mmoja."

Chini, foleni nzima ikatikisa kichwa kukubali.

Akarudi kwenye kazi yake. Kidaka cha mwisho cha mstari wa nane kilikuwa mbali kidogo, ikabidi aegemee ili akifikie. Tumbo lake likagusa chokaa mbichi, likakaa hapo muda wote alipokuwa anapima. Alipojitoa, ukuta ulikuwa na bonde la mviringo, laini, upande wa kushoto, chini ya kidaka hicho.

Mwiko ulikuwa tayari mkononi mwangu. Mkono wa fundi haungoji kuagizwa. "Nikuzibie?"

"Acha," akasema. "Hapo kuna mtu amejiegemeza."

Nikaushusha mwiko. Nikahisi haya, kisha nikahisi kitu kingine kikubwa kuliko haya, kwa sababu bonde lile lilikuwa linatikisika, taratibu, kwa ndani.

Nilijua wakati hautoshi. Nikasema haraka, "Mstari wa tisa ndio umeanguka kwetu. Kuna wanawake wamelala mvuani. Niruhusu niupime mimi kwa mkono wangu, unionyeshe tu pa kuuweka."

Mwanaheri akaushika mkono wangu, akaugeuza juu na chini kama mnunuzi wa samaki.

"Mkono huu una mwezi wa ngapi?"

"Hauna mwezi."

"Basi si huo." Hakusema kwa ubaya. Akanifungia vidole, kimoja kimoja, akanirudishia mkono wangu. "Wewe utajenga. Atakayepima ni mwenye mwezi wake."

Ndipo jua likazunguka tena mara thelathini, naye akakunja uso, akaniegemea begani kwa uzito wake wote. Sijawahi kubeba kitu kizito vile, na nimebeba mawe tangu nina miaka kumi na saba. Kivuli akavua kofia ambayo sikuwa nimeiona. Ukuta ukavuta pumzi, ukaishikilia, zidaka zote zikazima mwanga kwa pamoja, nasi tukangoja gizani adhuhuri ile.

Kisha ukuta ukapumua nje. Upepo wake ulikuwa wa vuguvugu, wenye harufu ya mvua ya kwanza kwenye mawe, ukaninyanyua kutoka jukwaani, na kwa mbali nikasikia mtoto akilia.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shemeji Hatibu alikuwa nje na mkokoteni, amekuja tukachukue ngazi. Sikumwambia kitu. Tukatembea mpaka kwa Bi Kidawa, tukawasalimu wanawake watatu barazani, mmoja wao, Mwajabu, akisaidiwa kukaa, tukaingia chumba cha ndani.

Ukuta ulikuwa umenyamaza kama kuta zote. Hatibu akashika ngazi aitoe.

"Ngoja, Shemeji," nikasema. "Iegemeze kushoto."

Nikapanda ngazi nne. Chini ya kidaka cha mwisho cha mstari wa nane palikuwa pamenyooka, au ndivyo macho yalivyosema. Watu wamepaka chokaa juu ya chokaa vizazi na vizazi. Nikachukua chembeu, nikakwangua. Tabaka likadondoka, na jingine, na jingine. La saba likatoka lote kama ganda la yai.

Nikaweka kiganja. Kikazama kidogo.

"Unatafuta nini humo?" Hatibu akauliza.

"Nipimie zidaka, Shemeji. Kimoja cha mstari wa kwanza, kimoja cha wa nane. Usiniambie kwamba zinafanana, pima."

Akapima cha chini, akapanda juu ya sanduku, akapima cha juu, akarudia. "Cha juu kimezidi kwa upana wa kidole," akasema. "Miezi yote hii tumepitwa na hili?"

Bi Kidawa alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Nikashuka, nikamwomba apande aguse, nikamshikia ngazi pamoja na Hatibu. Alipanda polepole, umri wake ni wa kupandishwa hivyo. Nilikuwa sijamweleza lolote. Alipofika akaliangalia lile bonde, akafuta vumbi kwa pindo la kanga, kisha akaweka mikono yote miwili, mmoja juu, mmoja chini, akaanza kubonyeza kidogo kidogo kwa vidole, amefumba macho, kama alivyofanya kwa wanawake wa mji huu miaka arobaini.

"Sisi siku zote tuliambiwa nyumba hii aliijenga mwanamume kutoka mbali," akasema.

Mikono yake ilikuwa bado inatafuta. Ikasimama mahali pamoja.

"Miezi minane," akasema. "Kichwa kimeshageuka chini."

Hatibu akaniangalia. Nikamwachia ngazi aishike peke yake, nikatoka barazani, nikachutama mbele ya Mwajabu, aliyekuwa na miezi tisa na siku mbili, nikamwomba aniazime mkono wake.