Ubavu wa Kulia

Samaki alikuwa amelazwa kwenye trei, kichwa kushoto, na kisu kilikuwa kimeshatoka alani. Mweusi tii, urefu wake kama kidole changu cha kati, macho makubwa kupita kiasi. Alivuliwa kwenye kina kisichofikiwa na jua, na ubavuni alikuwa na safu ya vitone: taa zake mwenyewe. Samaki wa huko hutambulikana kwa taa hizo. Kitabu cha samaki kilisema aina ya kawaida ina tisa, Daktari akahesabu tisa. Basi, ni wa kawaida, apasuliwe wanafunzi waone matumbo yake.

"Daktari, huyu si yule wa taa tisa," nikasema.

Daktari wetu ni wa samaki. Wagonjwa wake wote walishakufa, ndiyo maana hajazoea kubishiwa. Mimi ni mtunza chupa tu, miaka kumi na tisa ya kubadilisha spiriti na kuandika lebo. Lakini macho sikuazima.

"Mama, hesabu mwenyewe."

"Nimehesabu. Baada ya kitone cha sita pana pengo, ngozi imechubuka. Ni wavu huo."

"Pengo si taa. Hatuhesabu kisichokuwepo."

Hapo alinishinda, na iliniuma. Akashika kisu. Nikajisemea liwalo na liwe, nikafunika trei kwa kiganja. Sijawahi kumfanyia bosi hivyo. Ila samaki yule alikuwa mmoja tu, na akishapasuliwa, basi tena.

"Tumgeuze."

"Tunasoma ubavu wa kushoto, mama. Dunia nzima inasoma kushoto."

"Wavu haulijui hilo."

Akanisogezea kibano. Nilimgeuza taratibu, kama mtoto mchanga aliyelala. Ubavu wa kulia ulikuwa mzima. Daktari akashika lenzi, akahesabu midomo ikicheza. Akarudia. Mara ya tatu alihesabu kwa sauti, nami nikamfuata hadi kumi na moja.

"Huyu hayumo kitabuni," akasema, na kisu akakirudisha alani.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, sikuwahi lolote. Macho yangu yalikuwa yameshapanda rafuni, kwenye chupa zenye jina la yule samaki wa taa tisa, wote waliohesabiwa kushoto tu. Nikashusha ya kwanza.

"Mama, hizo ziko mia tatu."

"Najua. Lebo zote nimeziandika mimi."

Nikafungua kifuniko.